Kitambaa cha Kufutia Waya

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimenoa sindano zaidi kuliko nilivyochomelea. Ncha inagusa chuma kilichoyeyuka, inachafuka, moto unayumba. Nazima. Naenda kwenye grainda, nanoa, narudi. Inagusa tena. Fundi Saidi anasema sindano ya tangsteni haitakiwi kugusa kitu chochote. Ikae juu ya chuma, karibu sana, isiguse. Mimi nagusa.

Kuchomelea kwa vijiti najua kidogo. Unakwaruza, cheche zinaruka, kelele, moshi, kila mtu anajua uko kazini. Hii nyingine Fundi anaiita tigi. Haina cheche. Mkono wa kulia umeshika tochi yenye ile sindano, wa kushoto waya wa kujazia, mguu uko kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza moto. Gesi ya agoni inatoka kwenye tochi polepole kufukuza hewa isiguse chuma. Vitu vitatu kwa wakati mmoja. Mimi nimezoea sululu. Sululu ni kitu kimoja.

Shingo inauma. Nimekula ugali wa muhogo na kisamvu. Basi.

Jumanne, 8 Oktoba

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nina muda wa kuandika.

Genge letu la kuchimba mitaro ya mabomba liliondoka Masasi mwezi wa saba, likaenda Songea. Mimi nilikuwa nimelala na malaria kwenye chumba nilichopanga kwa Mama Stela. Nilipopata nguvu ya kusimama, lori lilishaondoka. Hakuna aliyepiga simu kuuliza kama nimepona. Nimewafikiria sana wale watu. Tulikula sufuria moja mwaka mzima.

Fundi Saidi ndiye aliyenichukua. Ana karakana nyuma ya stendi, upande wa mlima. Anasema aliwahi kuniona nikimimina chai nyuma ya lori linalotembea na sikumwaga hata tone. Mimi sikumbuki chai hiyo. Lakini kwa chai hiyo nina kazi.

Macho yake yanaondoka. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Tigi alijifunza zamani Dar es Salaam, kwenye viwanda vya vinywaji. Sasa kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka hakioni tena, ni ukungu mtupu. Anafundisha kwa masikio. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anainamisha kichwa, anasema, "Umeinua mkono." Na kweli nimeinua.

Amechukua kazi ya akina mama wa kanisa huko Mkunya, Newala. Wanajenga kiwanda kidogo cha juisi ya mabibo. Matangi na mabomba yote ni ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Bibo likianguka kutoka mkorosho leo, kesho limeoza. Kwa hiyo kiwanda kikichelewa msimu umekwenda, mpaka mwaka mwingine. Na ndani ya bomba mshono lazima uwe laini. Kukiwa na kitundu, juisi inajificha humo, inachacha, inaharibu yote. Vijiti havifai. Ni tigi tu.

Fundi hakunificha. Mwezi wa kumi na moja ukianza, atapasua bomba nililochomelea na kuangalia ndani. Kama halifai ataita fundi kutoka Dar, na mimi nitafute pa kwenda. "Mimi siwezi kulisha mtu wa kunishikia ndoo," amesema.

Tangu niache shule darasa la sita nabeba vitu vya watu. Mifuko, nondo, mabomba. Nataka kitu kimoja ambacho mikono yangu inakijua yenyewe. Nisipokipata hapa sijui nitakipata wapi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Shikamoo, Fundi. Marahaba, Kigoma, dagaa hawajambo? Kila asubuhi ndivyo. Nimemwambia Kasulu ni milimani, ziwa liko mbali, dagaa tulikuwa tunanunua gengeni kama yeye. Anacheka, kesho anauliza tena. Hapa hakuna anayeniita jina. Karakanani ni Kigoma, dukani ni Kigoma, mwenye chai ananiita Mwisho wa Reli.

Mama Stela peke yake aliuliza siku ya kwanza, "Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?" Nikasema Neema. Tangu hapo mimi ni Baba Neema.

Jioni ndiyo saa yangu nzuri. Mama Stela na mkwewe wanabangua korosho uani. Wanazichoma kwenye bati lenye matundu, moto unalipuka kwa yale mafuta ya maganda, moshi mzito. Zikipoa wanakaa chini na kugonga kila moja kwa kijiti juu ya jiwe. Ko. Ko. Ko. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kwa hiyo unapaka majivu mikononi kwanza. Mimi niliomba kujaribu nikiwa natoka malaria, sikuwa na la kufanya. Sasa nina jiwe langu. Wananicheka kwamba navunja nyingi kuliko ninazotoa nzima. Hawaongei sana na mimi, wakiwa wawili wanaongea Kimakua. Haidhuru. Ni sauti za watu.

Amenipa kitambaa, kipande cha kanga iliyochakaa, cha kufutia mikono. Anakifua kwa sabuni na kukianika pamoja na nguo zake. Nakitia mfukoni hata nikienda kazini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nimekiona kidimbwi.

Bila waya, moto peke yake kwenye kipande cha bati nene. Ndani ya maski ni giza, halafu duara dogo linang'aa, linatetemeka kwenye ukingo, na unalisukuma mbele nalo linakufuata. Nilikwenda nalo mpaka mwisho wa bati. Sindano haikugusa. Fundi akasema, "Hiyo ndiyo sauti." Ni hayo tu.

Nilitaka kumwambia mtu. Nilimpigia mke wangu, Esta. Alikuwa shambani, upepo unapiga kwenye simu. Nikamwambia nimekiona kidimbwi. Akasema kidimbwi gani, mvua zimeanza huko? Nikaacha. Akampa Neema simu. Neema hakunisalimia. Nilimsikia akimwuliza mama yake kwa Kiha, huyu ni nani.

Nimekaa kitandani na simu mkononi baada ya kukata. Ana miaka minne. Mimi nimeondoka akiwa anajifunza kusimama.

Jumanne, 15 Oktoba

Tumeanza waya. Unauchovya kidogo kwenye kidimbwi, unautoa, unasogea, unachovya. Mkono wa kushoto hauna akili. Lakini si hilo linalonisumbua. Mshono ukipoa una vitundu, vidogo vidogo kama vya chapati, na masizi meusi pembeni. Bila waya mshono ni safi. Nikitia waya, vitundu.

Fundi anapitisha kidole, anatikisa kichwa. "Unatingisha gesi. Upepo." Tumefunga mlango, tumetundika turubai. Joto la kufa. Vitundu vilevile.

Akaingia mteja na pikipiki yake, akasema mnanukia korosho humu. Fundi akamjibu, mwezi wa kumi Masasi unataka kunukia nini, marashi?

Ijumaa, 18 Oktoba

Vitundu.

Fundi anasema usafi. Tigi haitaki uchafu hata kidogo, si kutu, si rangi, si jasho. Basi nimekuwa msafi kuliko nesi. Kila waya naufuta kwa kile kitambaa kabla ya kuuchovya, kuanzia ncha mpaka mwisho, mara mbili. Ukingo wa bomba pia naufuta.

Imekuwa mbaya zaidi. Kadiri ninavyofuta ndivyo vinavyoongezeka. Nimeshindwa kuelewa. Nimetupa waya sakafuni, ukaviringika chini ya mashine. Nikapiga magoti kuutafuta, na Fundi kwenye ndoo yake amekaa kimya. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda kanisani na Mama Stela. Waanglikana kama sisi kule Kasulu. Wimbo niliujua tangu mtoto, lakini huku wanauvuta mahali sisi tunapoukata. Nikajikuta nimemaliza ubeti peke yangu. Mkwe wa Mama Stela alicheka akajifunika mdomo kwa kanga. Na mimi nikacheka. Halafu nikatamani kulia, sijui kwa nini. Wimbo uleule.

Jumatano, 23 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote.

Tumebadilisha mtungi wa gesi. Tumebadilisha mpira wa gesi. Tumebadilisha kikombe cha tochi. Fundi amejaribu mwenyewe, kwa kubahatisha kwa sababu haoni, bila waya. Mshono umepinda kama njia ya ng'ombe lakini hauna kitundu hata kimoja. Akasema, "Basi mashine haina kosa."

Yaani kosa ni mimi.

Nikamwambia labda yeye ndiye hajui kufundisha, anakaa kwenye ndoo anasikiliza kama anasikiliza redio. Nilisema hivyo kwa mtu aliyenizidi umri, mtu aliyeniokota. Hakukasirika. Ni mbaya zaidi mtu asipokasirika. Alisema Jumatatu atapiga simu Dar, awe na fundi mkononi, kwa sababu akina mama wa Mkunya wamemwuliza mara mbili na mabibo yameanza kuanguka.

Jioni nilibangua mpaka giza lilipoingia. Nilipiga zile korosho kwa hasira. Mama Stela akasema, "Baba Neema, hizo tunataka kuzila, si kuzizika." Nikapunguza. Mikono imebabuka, ngozi inatoka kwenye vidole. Sijali. Pale kwenye jiwe ndipo mahali pekee huku ambapo nikikosa hakuna kinachoharibika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nina mengi ya kuandika.

Asubuhi mvua imenyesha. Mvua isiyo na msimu. Mji mzima ulikimbia kuanua korosho kwenye maturubai. Mioto yote uani ikazimika. Upepo ukageuka, kukawa na harufu ya udongo uliolowa tu. Mimi nikaenda kazini, nikawasha, nikachovya waya.

Fundi akainuka kwenye ndoo. "Nani anachoma korosho na mvua hii?"

Nikasema hakuna. Akaniambia zima. Nikazima. Akatulia, akanusa. Washa. Nikawasha, nikachovya. Zima. Akaja mpaka mezani, akaushika mkono wangu wa kushoto, akaupeleka puani kama mtu anayenunua samaki. Halafu akauliza, "Unafutia nini waya?"

Nikampa kitambaa.

Alikinusa kwa muda. Kilikuwa kimefuliwa juzi, kisafi kwa macho, kina harufu ya sabuni. Akakivuta kati ya vidole vyake viwili, akavisugua. "Yamo," akasema. "Haya hayatoki kwa sabuni. Bibi yangu alikuwa na vidole vyeusi mpaka tunamzika."

Mafuta ya maganda. Nilikuwa nayapaka kwenye waya kila siku, mara mbili, nikidhani nasafisha. Na mikono yenyewe imejaa. Nikitia waya kwenye moto yanaungua, yanakuwa gesi, gesi inatafuta njia ya kutokea kwenye chuma. Vitundu.

Fundi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha ghafla, akakaa. Akasema amezaliwa hapa, amekulia kwenye moshi huo, harufu hiyo kwake ni kama hewa, na kila siku alikuwa anainusa kwenye mshono wangu akidhani ni jirani. "Ningekuwa mtu wa kwenu ningejua siku ya kwanza," akasema. Mimi ni mtu wa kwetu na sikujua. Miezi mitatu ya kukaa na moshi ule, nami nilishaacha kuusikia.

Tumesugua waya mpya kwa msasa. Tumeufuta kwa spiriti na pamba ya dukani. Nikavaa glovu mpya mkono wa kushoto. Mshono kidole kimoja urefu wake. Ulipopoa ulikuwa na rangi ya dhahabu. Hakuna kitundu.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Jumamosi, 26 Oktoba

Fundi amesema nisishike korosho mpaka kazi ya Mkunya iishe. Glovu hazitoshi, mafuta yanapanda mpaka kwenye mikono ya shati, kwenye kila kitu. Nimejua hilo tangu jana. Nilikuwa nangoja aseme mtu mwingine.

Jioni nimemrudishia Mama Stela kitambaa. Nimekosea namna ya kusema. Kiswahili changu kinaniacha ninapokihitaji. Nilisema, "Mama, hiki kinaniharibia kazi." Akakipokea. Akakiangalia pande zote kama anatafuta kilipochanika. Nikaeleza mambo ya gesi, waya, vitundu, nikaona haelewi, au anaelewa kitu kingine. "Sawa, baba," akasema. Hakusema Baba Neema.

Jiwe langu bado liko pale uani. Hakuna aliyeligusa.

Jumanne, 29 Oktoba

Mishono inakuja. Bomba kwa bomba, kuzunguka. Mkono wa kushoto umeanza kujua saa ya kuchovya bila kuambiwa. Najifunza kutoondoa tochi mwishoni, kuiacha gesi ipulize mpaka chuma kipoe. Fundi anasema wanaokimbia mwishoni ndio wanaoharibu. Ndani ya bomba nako tunapitisha gesi, la sivyo upande wa ndani unafanya chembechembe kama sukari iliyoungua.

Ndani ya maski naongea Kiha. Nimegundua leo. Nakiambia kile kidimbwi mwakeye, salamu ya asubuhi. Hakuna mwingine wa kumwambia. Sijaisema kwa sauti mbele ya mtu tangu genge liondoke.

Jioni ni mbaya. Nakaa chumbani na mlango uko wazi kidogo. Ko. Ko. Ko. Wanacheka kitu. Mikono iko mapajani, haina kazi. Ngozi inabanduka, ya chini ni nyekundu kama ya mtoto. Nimekuwa mpweke huku tangu nifike, lakini nilikuwa mpweke nikiwa na jiwe. Sasa ni chumba.

Naandika ukweli. Usiku wa kuamkia leo nimefikiria, kama fundi wa Dar angekuja, mimi ningerudi uani. Nimefikiria hivyo kabisa.

Ijumaa, 1 Novemba

Fundi amepasua bomba langu kwa urefu kwa grainda. Akalingoja lipoe. Akaingiza kidole cha kati, akakipitisha kwenye mshono wa ndani, akakirudisha, akafumba macho, ingawa kwake kufumba na kufumbua ni karibu sawa. Amefanya hivyo kwa kila kiungo. Nilisimama nimeshika maski kama mtu aliyeshika kofia msibani.

Akasema, "Funga mzigo. Jumatatu Mkunya."

Nilimuaga Mama Stela. Akasema Newala ni baridi, nichukue blanketi. Akanipa lake.

Jumatatu, 4 Novemba

Mkunya. Tumepanda na lori la mbao, mashine imefungwa kwa kamba katikati yetu. Tulipomaliza kona za mlima upepo ukabadilika. Mchanga mwekundu, mikorosho, muhogo, mikorosho tena. Asubuhi ukungu unalala mpaka karibu na saa tatu. Mabibo yamejaa chini, mekundu na ya njano, nyuki juu yake. Kila bibo lililolala chini ni kama linaniangalia.

Banda la kiwanda lipo tayari, limepakwa chokaa. Mwenyekiti wa akina mama anaitwa Mama Agnesi. Mwalimu mstaafu, sauti ya darasani. Aliniangalia mikono iliyobanduka. "Fundi Saidi, huyu umemtoa wapi, jikoni?" Fundi akajibu, "Kigoma, mama. Mwisho wa reli." Akina mama wakacheka. Nikawasalimia shikamoo wote kwa pamoja, wakaitika.

Tunalala stoo ya kanisa. Fundi anakoroma. Blanketi la Mama Stela linanukia moshi wa korosho. Nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki lisiguse nguo za kazi. Usiku nalitoa.

Alhamisi, 7 Novemba

Nachomelea tangu ukungu ukitoka mpaka mwanga ukiisha. Fundi anakaa karibu, anasikiliza. Leo kutwa hakusema neno. Hiyo ndiyo sifa yake.

Kiungo cha mwisho kipo nyuma ya tangi kubwa, kimebana ukutani. Tochi inaingia, kichwa hakiingii. Nimelala chini kwa ubavu, nikakichomelea nikikiona kwa kioo cha kunyolea cha Fundi. Kwenye kioo kulia ni kushoto. Mkono ulikataa. Nikatulia, nikaanza tena. Nilipomaliza sikujua kama nimemaliza au nimeacha.

Akina mama wameanza kuokota mabibo. Wanayarundika kivulini. Yana siku moja tu yale.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo ndiyo maji.

Huku juu maji ni shida. Ya bomba yanapandishwa kutoka bondeni, yakiamua kuja. Akina mama wametoa ya visima vyao vya mvua, ya mwaka jana, wamebeba ndoo kichwani mpaka kiwandani kwa ajili ya kujaribu mabomba. Mama Agnesi akaja akasimama mbele yangu. "Mwisho wa Reli, haya ni maji ya kunywa wajukuu. Yakiishia sakafuni, utayazoa kwa ulimi."

Walimimina. Mimi nilisimama nyuma ya tangi, kwenye kile kiungo. Sikutaka kusimama pengine. Maji yakapita kwanza kwenye viungo vya mbele, nayasikia. Yakaja. Nikaweka kiganja chini ya kiungo. Kavu. Nikangoja. Tone moja. Likanidondokea kwenye ngozi mpya ya kiganja, baridi.

Nilisema kwa sauti, "Kinavuja."

Fundi akaja akipapasa ukuta. Akaweka mkono wake chini ya wangu. Akalifuata lile tone kwa kidole mpaka juu. Halikuwa linatoka kwenye mshono. Lilikuwa linatoka juu zaidi, kwenye nati ambayo yeye mwenyewe aliikaza asubuhi. Akachukua spana, akaikaza. Akafuta bomba kwa mkono wa shati. Tukangoja wote wawili tumeinama pale, vichwa vimegusana.

Kavu.

"Mama Agnesi," akaita, "ulimi wa kuzoa ni wangu, lakini hakuna cha kuzoa." Wakapiga vigelegele. Maji yakatolewa chini ya tangi, yakarudishwa kwenye ndoo zilezile, wakaondoka nayo. Hakuna kilichopotea isipokuwa lile tone.

Juisi ya kwanza ilitoka alasiri. Ilinikaba koo kidogo, ndivyo mabibo yalivyo. Mama Agnesi akaniuliza mtoto wangu anaitwa nani. Nilimwambia.

Nilikwenda nyuma ya stoo kumpigia Esta. Hakuna mtandao. Nikasimama hapo kwa muda na simu sikioni.

Jumapili, 17 Novemba

Masasi. Nimerudi juzi.

Fundi amepata kazi nyingine Tunduru, matangi. Ameniuliza kama nitakwenda. Nimesema ndiyo. Ni mbali zaidi na huku, lakini ni karibu kidogo na kwetu, ukitazama ramani.

Blanketi nililirudisha. Mama Stela alilipokea akaniambia nimekonda. Jioni nilikaa chumbani kama kawaida, mlango wazi kidogo. Ko. Ko. Halafu zikakoma. Akaja mlangoni mwenyewe, ameshika ungo.

"Kubangua huwezi," akasema. "Na kumenya je?"

Sikuelewa. Akaingia, akaniwekea ungo mapajani. Korosho zilizokwisha kubanguliwa na kukaushwa juani, zimebaki na ile ngozi nyembamba ya kahawia. Hiyo haina mafuta. Unaisugua tu kwa vidole, inatoka kama ya karanga. Akasema amefikiria jambo hilo wiki nzima nilipokuwa Newala. Kumenya ni kazi ya watoto, aliogopa nitaona nimedharauliwa.

Nikambebea ungo mpaka uani. Jiwe langu lilikuwa limegeuzwa juu chini liwe kiti, limepanguswa. Nikalikalia. Mkwewe akanicheka kwamba fundi mzima anamenya kama mtoto wa chekechea. Wakarudi kwenye Kimakua chao.

Nimemenya mpaka ungo umekwisha. Maganda yalikuwa yamejaa kwenye suruali, mepesi, upepo ukayachukua. Mikono imebaki mikavu.

Kesho tunafunga mashine.